Je, wajua kwanini bahari inajaa mara mbili kwa siku wakati mwezi ni mmoja tu?

Ukiuliza kwanini maji ya bahari yanajaa na kukupwa wengi watakwambia ni mwezi unayavuta, na ni kweli kabisa, ila jibu hilo linaacha swali kubwa zaidi halijaguswa. Mwezi unapita juu yetu mara moja tu kwa siku, lakini pwani yetu yote kuanzia Lamu hadi Mtwara maji yanajaa mara mbili. Sasa haya ya pili, yanayojaa wakati mwezi uko upande wa pili wa dunia, yanavutwa na nani?

Siri yote iko kwenye tofauti. Mvuto wa mwezi unapungua kadri unavyokuwa mbali nao, na dunia ni pana, karibu kilomita 12,700 kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kwa hiyo bahari inayoelekea mwezi inavutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, alafu kitovu nacho kinavutwa zaidi kuliko bahari ya upande wa nyuma. Yaani maji ya mbele yanatangulia, dunia inafuata, na maji ya nyuma yanachelewa kidogo. Matokeo yake bahari inavimba pande zote mbili, na sisi tunavyozunguka pamoja na dunia tunapita kwenye uvimbe huu, alafu na ule mwingine.

Ukishaelewa hapo ndio utaelewa na habari ya jua, ambayo mimi naona ndio tamu kuliko zote. Jua linaivuta dunia kwa nguvu karibu mara 180 kuliko mwezi, ungetegemea basi jua ndio liwe bosi wa bahari, lakini wapi, athari yake kwenye maji haifiki hata nusu ya ile ya mwezi! Kwasababu jua liko mbali sana, kama kilomita milioni 150, na kwa umbali huo zile kilomita 12,700 za dunia si kitu, upande wa mbele na wa nyuma vinavutwa karibu sawasawa. Mwezi uko kilomita 384,000 tu hivi, kwa hiyo tofauti ya mbele na nyuma inaonekana.

Na hizi nguvu mbili zinaposaidiana ndio tunapata bamvua. Mwezi ukiwa mwandamo, uko upande mmoja na jua, na ukiwa mpevu uko upande wa pili, lakini kwa kuwa kila mmoja anavimbisha bahari pande mbili, hali zote hizo zinajumlishana, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mara nyingi siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na 22 hivi za mwezi wa Kiislamu, jua linavuta kwa upande wake na mwezi kwa wake, hayo ndio maji mafu, bahari inasogea kidogo tu.

Kingine ni saa. Wakati dunia inajizungusha mwezi nao unasogea kwenye njia yake, kwa hiyo dunia inahitaji kama dakika 50 za ziada kuufikia tena, ndio maana leo maji yakijaa saa kumi jioni kesho yatajaa karibu saa kumi na dakika 50. Zidisha hizo dakika 50 kwa siku 15 za kutoka mwandamo mpaka mpevu, unapata masaa 12 na nusu, yaani saa inarudi palepale! Kwa hiyo Zanzibar bamvua likifika maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kila mara. Kina mama wa mwani kule Paje na Jambiani, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989, wanapanga kazi yao yote kwa hili: bamvua ndio siku za kwenda kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna, bahari inarudi nyuma hata kilomita nzima, na mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anajua bila kuchungulia baharini. Hiyo ni sayansi kamili na inastahili heshima yake.

Watu wa Mwanza na Kisumu mtauliza mbona ziwa halikupwi. Ziwa Victoria ni dogo mno, mwezi unavuta upande wa Kisumu karibu sawa na wa Mwanza, tofauti hakuna. Hata baharini kwenyewe, katikati ya bahari kuu maji yanapanda kama nusu mita tu hivi, ila yakifika kwenye kina kifupi na kuzuiwa na nchi kavu yanayumba kama maji kwenye beseni na kupanda zaidi. Unguja na Mombasa bamvua kubwa linakaribia mita 4, kwenye ghuba ya Fundy kule Canada inafika 16, na sehemu nyingi za Mediteraniani haifiki hata nusu mita.

Msuguano wa maji haya yote na sakafu ya bahari unaipunguzia dunia kasi polepole, na mwezi unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka, imepimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa kule na wanaanga wa Apollo. Mwaka 1963 mwanasayansi John Wells alihesabu mistari ya ukuaji kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, ya miaka kama milioni 380 iliyopita, matumbawe yanaongeza mstari mwembamba kila siku, akapata karibu mistari 400 kwa mwaka mmoja. Mwaka ulikuwa na siku 400, na kila siku ilikuwa na masaa 22 hivi.