Kushinda mdahalo wa TV sio kushinda uchaguzi

Mdahalo wa viongozi wa vyama ukiisha tu utaona watu wanaandika "huyu keshapita", kisa mpinzani wake kajikanyaga kwenye swali moja. Jamani haiendi hivyo. Marekani 2004 kura za maoni baada ya midahalo zilimpa ushindi John Kerry, Novemba akashinda George W. Bush. 2012 Mitt Romney alimbana sana Obama mdahalo wa kwanza, Obama akabaki ikulu.

Ila mfano mzito zaidi ni Uingereza 2010, ndo mara yao ya kwanza viongozi wa vyama kukutana hivyo kwenye TV, Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, aling'ara kweli, chama chake kikapaa kwenye kura za maoni, watu wakaamini siasa za kule zimegeuka, halafu siku ya kupiga kura Liberal Democrats wakapata viti 57 wakati uchaguzi wa 2005 walipata 62. Yani walipungua! Kule mpiga kura anamchagua mbunge wa jimbo lake, na umaarufu wa usiku mmoja haugawanyiki majimboni.

Pia wengi wanaokaa kuangalia mwanzo mwisho wana upande tayari, wamekuja kumshangilia mtu wao. Ambaye hajaamua mara nyingi anakutana na vipande vifupi tu kesho yake, vimekatwa na washabiki. Mimi naona mdahalo una faida kubwa sehemu nyingine kabisa, pale muongozaji anaporudia swali na majibu ya kukariri yameisha, hapo msikilize kiongozi vizuri.