Ruzuku ya roboti shuleni: bajeti ianzie kwenye kipindi, si kwenye katalogi

Maandiko mengi ya kuomba ruzuku ya kufundishia roboti katika shule za vijijini huanza na orodha ya vifaa iliyonakiliwa kwenye katalogi ya muuzaji. Kasoro huanzia hapo. Mfadhili huona roboti kumi, jumla ya fedha na picha nzuri, lakini haoni nani atachaji betri Jumanne usiku ili kipindi cha Jumatano kifanyike. Miradi ya aina hii mara nyingi haifi kwa roboti kuharibika. Hufa kwa kukosa betri, kwa kebo moja iliyopotea, au kwa sababu mwalimu pekee aliyejua kuziwasha amehamishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua katalogi, chukueni karatasi mpange kipindi kimoja tu. Darasa la wanafunzi 40 ligawanywe vikundi vya wanne: anayejenga, anayeandika programu, anayejaribu na kupima, na anayeweka kumbukumbu, wakibadilishana nafasi kila wiki. Hizo ni roboti 10, na mbili za akiba. Kikundi kikifika watu wanane, wawili hufanya kazi na sita hutazama. Shule yenye wanafunzi 70 darasani haina haja ya kuomba roboti 18. Nusu ya darasa ishike roboti, nusu ichore mpango wa programu kwenye daftari, kisha wabadilishane. Andiko linaloeleza hivyo hupunguza gharama kwa njia ambayo mfadhili anaielewa mara moja.

Muda nao uhesabiwe bila kujidanganya. Kwenye kipindi cha dakika 40, kugawa vifaa, kuwasha kompyuta, na mwishoni kuhesabu kila kitu na kukirudisha sandukuni hula kwa urahisi dakika 15 hadi 20. Pangeni vipindi viwili vinavyofuatana, na barua ya mwalimu mkuu inayothibitisha ratiba hiyo iambatanishwe kwenye andiko.

Kifaa kipi kiombwe

Kabla ya bei, ulizeni: kampuni ikiacha kukitengeneza, shule itabaki na nini? Mindstorms, seti ya roboti za kujengwa ya LEGO, iliingia sokoni mwaka 1998 na kusitishwa mwishoni mwa 2022. Roboti zilizokuwa madarasani hazikuzimika siku hiyo, lakini mota na kebo zake zina soketi za pekee, na vipuri vya akiba vikiisha hakuna mbadala rahisi. Bodi za Arduino, yaani kompyuta ndogo za kuongozea mota na vihisi, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana hutengenezwa na viwanda vingi na huendesha mota za kawaida ambazo fundi yeyote wa redio anaweza kuzishika. Tatizo la Arduino ni nyaya: ziko nyingi, ziko nje, na kwa watoto wadogo saa nzima inaweza kuishia kwenye kuunganisha tu.

Kwa umri huo micro:bit inafaa zaidi, bodi ndogo ambayo BBC iliwagawia wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, kwa kuwa taa na vihisi kadhaa vimo ndani ya bodi yenyewe. Ila hutumia volti 3 na haiwezi kuendesha mota moja kwa moja. Bodi ya kuendeshea mota huuzwa kando, na ndiyo inayosahaulika kwenye bajeti.

Programu ya kompyuta iwe inayofanya kazi bila intaneti. Scratch, ya kuandika programu kwa kupanga vipande vya rangi, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ina toleo la kusakinisha, na ya Arduino pia. Msiamini maelezo ya muuzaji: zimeni mtandao, zimeni kompyuta, iwasheni upya, kisha fanyeni somo zima hadi roboti itembee. Bodi nyingi za bei nafuu huwasiliana na kompyuta kupitia chipu ya CH340, ambayo baadhi ya kompyuta, hasa za zamani, haziitambui mpaka isakinishwe programu yake ndogo. Faili hilo liwekwe kwenye flashi ya mwalimu tangu siku ya mafunzo. Halafu kuna kebo za USB. Zipo zinazopitisha umeme pekee bila data, na kwa macho hazitofautiani na nyingine. Darasa zima linaweza kusimama kwa sababu hiyo, kila mtu akilaumu bodi. Kebo zijaribiwe moja moja siku ya kupokea mzigo, na zinazofaa zifungwe utepe wa rangi.

Umeme na betri

Hapa ndipo bajeti nyingi huvuja. Tuseme roboti inatumia betri sita za AA za kuchajiwa. Kila moja ina volti 1.2, jumla 7.2. Kwa nini si nne? Nne hutoa volti 4.8, na bodi maarufu ya kuendeshea mota, L298N, hupoteza yenyewe karibu volti 2. Mota inabaki na chini ya volti 3, roboti inanguruma bila kusogea kwenye sakafu yenye vumbi, na wanafunzi wanarudi kukagua programu ambayo haina kosa lolote. Betri ile ya mraba ya volti 9 haifai kabisa kwa mota, kwa sababu haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Inafaa king'ora cha moshi.

Roboti 10 kwa betri sita ni betri 60. Chaja ya kawaida ya nafasi nne itazunguka mara 15. Kila mzunguko ukichukua saa tano, hizo ni saa 75, yaani zaidi ya siku tatu mchana na usiku kwa kipindi kimoja. Chaja mbili za nafasi 16 humaliza kazi hiyo kwa mizunguko miwili. Ombeni pia seti ya pili ya betri kwa angalau nusu ya roboti, na kila seti ipewe namba ili betri sita zilizoanza pamoja zizeeke pamoja. Betri chovu ikichanganywa na mpya huisha mapema, nyingine huendelea kuisukuma hadi inageuka chanya kuwa hasi, na hapo imekufa.

Shule isiyo na umeme wa gridi ifanye hesabu ya sola ndani ya andiko lenyewe. Kompyuta mpakato 10 za wati 40 kwa saa mbili ni wati-saa 800. Jua likitoa saa nne kamili kwa siku na theluthi moja hivi ikapotea kwenye joto, nyaya na inveta, paneli ya wati 300 inatosha kwa kubana. Betri ya madini ya risasi, kama ya gari, isishushwe chini ya nusu ya chaji yake, kwa hiyo wati-saa 800 hizo zinahitaji betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 150. Kompyuta ambazo betri zake bado ni nzima zinaweza kuchajiwa mchana, mbili mbili, na mzigo ukapungua sana. Ndiyo sababu kompyuta za mitumba zilizotolewa kama msaada zikaguliwe betri kabla ya kupokelewa, si baada.

Mgawanyo wa fedha

Mwongozo wetu ni kwamba roboti na kompyuta zisizidi nusu ya ruzuku. Mafunzo ya walimu yapate karibu moja ya tano, vipuri na vitumikavyo moja ya kumi, na kinachobaki kiende kwenye umeme, kabati lenye kufuli, usafiri na ufuatiliaji. Mfadhili akipunguza bajeti, punguzeni idadi ya roboti kwanza. Kupunguza mafunzo ni rahisi zaidi kwenye karatasi, na ndiko kunakoua mradi.

Wafundishwe walimu watatu, si mmoja. Siku tano mfululizo hazifai sana. Ni bora siku mbili kabla ya muhula, mbili katikati baada ya walimu kukutana na matatizo halisi, na moja mwishoni. Mafunzo hayo yafundishe kutafuta hitilafu. Roboti inayopinda kushoto kila wakati haina ugonjwa: mota mbili hazilingani kamwe, na dawa ni kupunguza nguvu ya upande wenye kasi. Bodi inayojiwasha upya kila mota inapoanza ina njaa ya umeme, kwa sababu mota ikianza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Roboti ya kufuata mstari inayopotea mchana na kupona jioni inasumbuliwa na jua la dirishani, kwani vihisi vyake hutumia mwanga wa infraredi ambao jua nalo linao kwa wingi. Ihamishieni upande wenye kivuli.

Nani aombwe, na nini hatoi

Kila mfadhili ana asichogharamia, na kukiomba ni kupoteza nafasi. Msaada wa ngazi ya jamii unaotolewa na balozi za Japani haulipi gharama za uendeshaji, hivyo betri na posho za walimu zitafutiwe chanzo kingine na andiko litaje ni kipi. Ruzuku za kimataifa za Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea, huanzia miradi ya dola 30,000 na hupitia klabu za nchi mbili. Shule moja haiwezi kuomba peke yake, ila shule sita za jirani zinaweza kuungana chini ya klabu. Makampuni hupenda vifaa vyenye nembo, nanyi kubalini, mradi yalipe na vipuri.

Vifaa vikitoka nje, msamaha wa kodi uombwe kabla havijasafirishwa, na jina kwenye nyaraka za mzigo liwe lilelile lililo kwenye barua ya msamaha. Jina likitofautiana, mzigo hukaa bandarini na tozo za ghala hupanda kila siku. Betri za lithiamu zilizofungwa peke yake haziruhusiwi kuwa shehena ya ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa hiyo zinunueni karibu.

Viashiria viwe vya kuhesabika darasani. “Wanafunzi 400 wamenufaika” haimwambii mfadhili chochote. Andikeni vipindi vilivyofanyika kati ya vilivyopangwa, roboti zinazotembea siku ya mwisho wa muhula, wasichana walioshika nafasi ya kuandika programu, na vikundi vilivyoweza, bila mwalimu, kuifanya roboti isimame sentimita 10 kabla ya ukuta.

Fedha isihamishwe kutoka kifungu kimoja kwenda kingine bila ruhusa ya maandishi, hata kama ni ya kununua betri. Na kabla ya kusaini mkataba, someni kipengele cha umiliki: baadhi ya wafadhili hubaki wamiliki wa vifaa mpaka taarifa ya mwisho ikubaliwe, na hati ya makabidhiano isipodaiwa na shule, haiji yenyewe.