Pauni elfu tisini za shemeji: dhana potofu kuhusu kuingiza bei za hisa kwa mkono

Jioni moja shemeji alinipigia simu kutoka Kamalondo, hapahapa Lubumbashi, sauti si yake. Kompyuta ilikuwa imemwambia kwamba hisa zake 200 za kampuni ya madini ya Glencore zina thamani ya pauni 90,000. Mchana wa siku hiyohiyo zilikuwa pauni 900. Alitaka ushauri: auze palepale, au angoje zipande tena? Nikamwambia ale bukari yake kwanza, asimwambie mtu, kesho nitapita.

Bahati haikuwa imemwangukia. Alikuwa ameingiza bei kwa mkono kwenye programu yake ya hesabu za nyumbani, akaikosea mahali ambapo karibu kila anayeanza hukosea.

Kongo haina soko la hisa. Lakini udongo tunaoukanyaga huku Katanga hununuliwa na kuuzwa kila siku kwenye masoko ya wengine. Glencore iko London na Johannesburg. Ivanhoe Mines, ya mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, iko Toronto. CMOC, wenye mgodi wa Tenke Fungurume, wako Hong Kong na Shanghai. Hata benki ya CRDB, iliyofungua milango Lubumbashi mwaka 2023, hisa zake ziko soko la Dar es Salaam tangu 2009. Kwa hiyo mtu wa hapa mwenye hisa, awe amezipata kazini, ametumiwa na ndugu aliye Ulaya, au amenunua kwa dalali wa Dar alipofuata mzigo bandarini, anazihesabu kwa pauni, dola za Kanada au shilingi, huku kodi ya nyumba analipa kwa dola na mboga ananunua kwa faranga. Akitaka kuona vyote hivyo kwenye daftari moja la kompyuta, atakutana na maneno haya.

"Mega za intaneti zikiwepo, bei hujileta zenyewe."

Kwa hisa za New York, mara nyingi ndiyo. Kwa nyingine, tulia. GnuCash, programu ya bure ambayo wengi wetu tunaitumia, inategemea chombo cha pembeni kiitwacho Finance::Quote, nacho kinasoma bei kutoka tovuti za watu wengine. Tovuti ikibadilisha ukurasa wake, au ikianza kudai ufunguo wa kujisajili, bei zinakatika mpaka wanaojitolea wakirekebishe chombo. Masoko madogo kama ya Dar au Lusaka mara nyingi hayamo kabisa kwenye vyanzo hivyo.

Kinachobaki ni faili la CSV, yaani maandishi matupu yenye bei moja kila mstari: tarehe, alama ya hisa (jina lake fupi sokoni), bei, sarafu. GnuCash inapokea faili la bei la namna hiyo tangu toleo la 3, la mwaka 2018. Quicken na KMyMoney nazo zina njia zao. Wapo wanaoidharau njia hii kama dawa ya kienyeji. Mimi nasema kwa hisa za Dar hiyo ndiyo barabara ya lami, na inapitika hata siku ambayo intaneti imelala: bei za mwezi mzima unaziandika kwenye karatasi, unazipiga usiku.

"Bei ni namba tu, ikiingia imeingia."

Hapa ndipo shemeji alipozama. Soko la London linataja bei za hisa nyingi kwa peni, si kwa pauni. Ukiona 450 mbele ya Glencore, ni peni 450, yaani pauni 4.50. Kampuni hiyo ilipoingia soko la London Mei 2011, hisa iliuzwa peni 530. Mtu anayesoma pauni 530 atajiuliza ni nani aliyekuwa na fedha za kununua hata moja. Johannesburg nao wana mchezo huohuo: wanataja senti, kwa hiyo namba ya maelfu unayoiona si randi. Toronto, Nairobi na Dar hawana mambo hayo; dola ni dola, shilingi ni shilingi.

Kinachowapoteza watu ni kwamba bei zikivutwa mtandaoni, mara nyingi chombo chenyewe hugawanya kwa 100 kimyakimya. Mtumiaji anazoea, hajui kuna hesabu inafanyika nyuma ya pazia. Siku akiandaa faili kwa mkono wake, hakuna wa kumgawanyia. Shemeji aliandika 450, kwenye safu ya sarafu akaweka GBP, msimbo wa pauni, na programu ikamtii: hisa 200 mara pauni 450. Dawa ni kugawanya mwenyewe ndani ya Excel, kwenye safu mpya, kabla ya kuhifadhi faili.

Halafu kuna mkato. Sisi tulisoma hesabu kwa Kifaransa: kumi na mbili na nusu tunaandika 12,50. Majirani zetu wa Zambia na Tanzania wanaandika 12.50. Excel iliyopangwa kwa Kifaransa inajua kwamba mkato umeshachukuliwa na desimali, kwa hiyo inapohifadhi CSV hutenganisha safu kwa nukta-mkato (;). Dirisha la kuingizia bei la GnuCash lina mahali pa kuchagua kitenganishi na mahali pa kuchagua mtindo wa namba. Ukipita hapo mbiombio, utalia. Kitenganishi kibaya angalau kinaonekana, safu zote zinagandamana kuwa moja. Mtindo wa namba ukiwa mbaya hakuna kinachoonekana. Andika 12,500: kwa Mfaransa ni kumi na mbili na nusu, kwa Mwingereza ni elfu kumi na mbili na mia tano, na zote mbili ni bei halali. Programu haina sababu ya kukulalamikia.

Tarehe ni hivyohivyo. 03/04/2024 kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne. Kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Andika 2024-04-03, mwaka mbele, na ugomvi umekwisha.

Na usifungue faili la CSV kwa kulibofya mara mbili kisha ukalihifadhi tena, hasa kama una hisa za Hong Kong. Alama za kule ni namba. CMOC ni 3993, na vyanzo vingine huiandika 03993. Excel ikiona sifuri mbele ya namba inaitupa kama takataka. Programu ya fedha inalinganisha alama herufi kwa herufi. Kama kwenye daftari uliandika 03993 na faili linasema 3993, kwake hizo ni kampuni mbili zisizojuana.

"Nibadilishe kwanza iwe dola, ndipo niingize."

Hili linatoka moyoni mwa mtu wa Lubumbashi, maana kichwani tunahesabu kwa dola hata tukiwa tunalipa kwa faranga. Lakini ukiingiza hisa ya CRDB kwa dola, umechanganya vitu viwili kwenye namba moja: bei ya hisa kule Dar, na thamani ya shilingi. Mwezi ujao namba ikishuka, hutajua kama benki imeyumba au shilingi imeyumba. Ingiza bei kwa sarafu ya soko lake, TZS. Kiwango cha kubadilisha fedha nacho kiingize peke yake, kwani kwa programu hizi kiwango cha fedha ni bei kama bei nyingine: shilingi moja inauzwa dola ngapi, tarehe fulani. Ripoti ndiyo itakayozidisha.

Kuhusu kiwango chenyewe, Benki Kuu ya Kongo inatangaza chake, na wakambista walioketi barabarani na marundo yao ya noti wana chao. Mimi kwa faranga hutumia cha mkambista wa kona yetu, kwa sababu ndiye anayenipa noti mkononi. Mhasibu atanicheka, na ana haki. Kubaya zaidi ni kutumia hiki Januari na kile Februari. Hapo hata wewe mwenyewe huwezi kusoma ripoti yako.

Wenye hisa za Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, waangalie jambo moja zaidi. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha yake, na msimbo wa sarafu ukabadilika kutoka ZMK kuwa ZMW. Hisa iliyokuwa kwacha 5,000 Desemba 2012 ikawa kwacha 5 Januari. Ukiingiza bei za miaka hiyo zote chini ya ZMW, mchoro wako utaonyesha soko la Lusaka likianguka kuliko soko lolote duniani lilivyowahi kuanguka.

"Bei ikipanda, lazima niandike mapato."

Nilipofika Kamalondo asubuhi nilikuta shemeji amefanya hivyo. Kwa kuwa daftari lilionyesha ongezeko la pauni 89,100, akaliandikia muamala: mapato, pauni 89,100, tarehe ya jana. Hata kama bei ingekuwa ya kweli, muamala huo ungekuwa wa uongo. Bei kwenye hifadhidata, yaani orodha ya bei ndani ya programu, ni kumbukumbu tu: siku hii, sokoni, kitu hiki kilitajwa hivi. Haiongezi hisa, haigusi akaunti ya benki, haibadilishi kiasi ulicholipa uliponunua. Faida inaandikwa siku ya kuuza. Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni humlipa mwenye hisa, linaandikwa siku linapoingia, kama muamala wake, wala usitarajie kulikuta ndani ya bei. Kuna la ziada ambalo wengi hawalioni: ukiandika ununuzi wa hisa kwenye GnuCash, programu yenyewe huweka bei ya siku hiyo kwenye hifadhidata. Kwa hiyo hata asiyewahi kuingiza faili lolote ana bei kadhaa mle ndani.

"Bei za zamani za mtandaoni ndizo zilizokuwepo siku ile."

Si lazima. Hili ninalitolea mfano wenye harufu ya nyumbani. Union Minière, Wabelgiji wa madini waliojenga bomba lile la moshi la Lubumbashi, walianza mwaka 1906. Mali zao za Kongo zilitaifishwa 1967 na kuzaa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, lakini kampuni mama ilibaki Ubelgiji, na mwaka 2001 ikajiita Umicore. Bado iko soko la Brussels. Oktoba 2017 kila hisa moja ya Umicore iligawanywa kuwa mbili, na bei ikawa nusu.

Sasa, tovuti zinazotoa bei za kihistoria kwa kawaida hurudi nyuma na kuzikata bei zote za kabla ya mgawanyo, ili mchoro usiwe na ngazi. Daftari lako halifanyi hivyo: linajua kwamba mwaka 2016 ulikuwa na hisa 100, na kwamba zilikuwa 200 baada ya Oktoba 2017. Ukiingiza bei zilizokatwa, mwaka 2016 utaonekana ulikuwa na nusu ya mali yako, kisha unaruka juu kwa siku moja bila sababu. Bei za kabla ya mgawanyo zizidishe mara mbili kwanza. Na pale unapopewa safu mbili, bei ya kufunga na bei "iliyorekebishwa", acha hiyo ya pili. Kwenye Yahoo, kwa mfano, imepunguzwa pia magawio yaliyolipwa baadaye. Inafaa kwa wachambuzi, haifai kwa daftari.

"Lazima kila siku."

Hapana. Bei ya mwisho wa mwezi inatosha kabisa kwa mtu wa kawaida. Ripoti hutafuta bei iliyo karibu na tarehe unayoiuliza. Usiogope pia ukiona hisa ya Dar au Lusaka ina bei ileile wiki nzima. Kule zipo siku ambazo hisa fulani haikununuliwa wala kuuzwa hata moja, na bei ya jana inabaki kuwa ya leo.

"Ukiingiza faili mara mbili, mali inazidi mara mbili."

Shemeji aliliogopa hili kuliko yote, na ndilo lisilo na madhara. Hisa moja, sarafu moja, siku moja: bei moja. Programu ikikutana na bei ambayo siku yake imeshajazwa, inaihesabu kama nakala na kuiruka. Ila hapohapo ndipo tulipokwama. Tulifuta ule muamala wa mapato, tukagawanya kwa 100, tukaingiza faili safi, na pauni 90,000 zikabaki vilevile. Ile bei mbovu ilikuwa imeshakalia kiti cha siku hiyo, na bei sahihi ikafukuzwa mlangoni kama nakala. Kuna kisanduku kidogo kwenye dirisha la kuingizia cha kuruhusu bei zilizopo zifutwe na mpya. Tukakiwekea alama, tukaingiza tena. Mwishoni programu hutaja imeongeza bei ngapi, imeruka ngapi, imebadilisha ngapi. Safari hii ilisema imebadilisha moja.

Pauni 900 zikarudi. Shemeji akafunga kompyuta taratibu. Dada yangu, ambaye kumbe alishaambiwa yote usiku uleule, akauliza kutoka jikoni kama kile kiwanja cha mtaa wa Golf bado tunakwenda kukitazama.