Acheni kung'oa themostati kwenye kamyo zenu

Wiki hii tena. Mercedes 911 ya zamani, rangi imekwisha lakini karoseri ya mbao ni mpya, imeletwa garajeni kwa sababu "inachemka ikipanda milima ya Masisi". Kabla sijagusa rejeta nimefungua nyumba ya themostati, ule mlango mdogo unaofunga na kufungua njia ya maji kwenda rejeta kufuatana na moto wa mota. Ndani mtupu. Shofere akacheka: "Fundi, hiyo walitoa zamani. Ni kintu ya Bulaya, kule kwa baridi."

Nimechoka kujibu neno hili nikiwa nimelala chini ya kamyo huku mafuta yakinidondokea usoni, kwa hiyo naliandika hapa. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Na kwanza, ni joto gani hilo la Goma? Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Nenda Sake alfajiri kwa pikipiki bila koti, kisha urudi tuongee. Mashofere hao hao ndio ninaowaona asubuhi wamefunga katoni mbele ya rejeta ili mota ipate moto. Umetupa kifaa kinachojifungua na kujifunga chenyewe, ukaweka katoni ambayo lazima usimame ushuke kuitoa.

Hasara ya mota baridi nitaipitia haraka. OM 352, mota ya hiyo 911, ilitoka 1964, silinda 6, lita 5.7, mazutu (dizeli) yanarushwa moja kwa moja juu ya pistoni na kuwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Ikitembea kutwa na maji ya nyuzi 50, sehemu ya mazutu haiungui vizuri. Inateremka kwenye ukuta wa silinda, inaosha mafuta yaliyopaswa kulinda ringi za pistoni, halafu inaishia kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya mota. Salfa ya mazutu nayo ikikutana na unyevu kwenye ukuta uliopoa inageuka asidi. Baada ya hapo mtu ananunua ringi, anazivisha, anarudi barabarani bila themostati, na anashangaa mota kuvuta mafuta tena.

Lakini hiyo wengi wanaielewa. Inayonimaliza ni hii nyingine: kuamini kwamba ukiitoa, mota haiwezi kuchemka.

Mota nyingi za kamyo za enzi zile zina themostati ya sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya kwenda rejeta. Ya chini, ambayo hakuna anayeiangalia, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Mota ikiwa baridi, maji yanazunguka kwenye mkato tu. Ikishika moto, ya juu inafunguka na ya chini inashuka kuuziba ule mkato. Sasa toa kifaa chote: njia zote mbili zinabaki wazi, siku zote. Maji yanapita penye wepesi, na mkato ni mfupi, mpana, hauna mirija iliyojaa chokaa. Kadiri rejeta inavyoziba ndivyo maji mengi zaidi yanavyokimbilia mkato. Kwenye tambarare huoni kitu, sindano ya joto imelala chini na shofere anafurahi. Anza kupanda na mzigo: maji ya moto yanarudi kwenye mota yakiwa ya moto vile vile, na sindano inapanda. Hapo wanalaumu rejeta, au pampu, au mzigo, au Mungu.

Na kuna wanaonitetea vibaya, hao ndio wananikera kuliko wote. Wanasema: "Fundi ana haki, bila themostati maji yanapita mbio mno, rejeta haipati nafasi ya kuyapoza." Hapana! Maji ni yale yale yanazunguka. Yakikaa kidogo kwenye rejeta, yanakaa kidogo pia kwenye bloku, na yanarudi upesi. Yakienda mbio, rejeta inakuwa ya moto kutoka juu mpaka chini, na rejeta ya moto inatoa joto zaidi. Kosa si mbio, ni mkato. Hoja mbovu ikinipa ushindi leo, kesho mtu ataitumia kupunguza kasi ya pampu, na nimeshaona puli iliyobadilishwa kwa sababu hiyo hiyo.

Hata ukikubali kununua mpya, angalia unachouziwa. Sokoni kuna themostati zenye kipenyo sawa, zinakaa vizuri kwenye nyumba yake, lakini hazina sahani ya chini. Muuzaji atakuambia "inaingia". Ndiyo, inaingia, na mkato unabaki wazi kama mwanzo.

Mimi napima hivi. Sufuria juu ya jiko la makala, maji, kipimajoto, themostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini. Zile za kamyo hizi nyingi zinaanza kufunguka karibu na nyuzi 80: unaona mstari mwembamba wa nuru kwenye ukingo wa sahani, halafu pini inasukuma taratibu. Maji yakikaribia kuchemka naitoa na kupima urefu wake wote haraka, kisha nalinganisha na kina cha nyumba yake. Sahani ya chini isipofika kwenye kiti chake, hiyo themostati ni pambo. Usisubiri nyuzi 100 kwenye sufuria. Hapa Goma maji yanachemka karibu na 95.

Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si cha kubadilisha na kipande cha nguo. Kifuniko kizima cha nusu bari kinapandisha kiwango cha kuchemka mpaka juu ya 105 hata kwenye mwinuko wetu. Cha nguo kinakuacha kwenye 95, na mota yenye mzigo inaweza kufika hapo.

Upande wa maji siko na uhakika wote ninaoonyesha mbele ya wateja. Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi na yanaacha chokaa ndani ya bloku. Hilo ukikata mpira wa maji wa zamani unaliona, ganda jeupe gumu. Ya mvua ni laini zaidi, lakini volkano ikituma moshi upande wetu mvua yake inakuwa na asidi, kwa hiyo naacha mvua ya kwanza ioshe bati ndipo nakinga. Kutoa chokaa ya zamani kwa asidi ya ndimu ya unga vitabu vinakushauri bila wasiwasi. Mimi nasita. Kwenye rejeta ya miaka 40 mara nyingine chokaa ndiyo inayoziba matundu, ukiitoa unapata chujio. Nikishuku hivyo nasukuma maji ya kawaida kinyumenyume, naacha rejeta ilivyo, na mteja najua anadhani nimeogopa kazi.

Nakubali pia kwamba desturi ya kung'oa haikutoka hewani. Themostati za nta, zinazosukumwa na nta inayovimba kwa moto, zikifa, mara nyingi zinabaki zimefunga, na juu ya mlima mtu hana la kufanya ila kuitoa. Zile za kale zaidi, zenye kijimfuko cha shaba chenye mikunjo, zilikuwa zikifa zikiwa wazi na kamyo ikafika nyumbani. Basi yakikupata njiani, acha mota ipoe kabisa, itoe, na kama mkato una mpira unaoonekana nje, uzibe: kipande cha mti kilichochongwa vizuri na kola mbili za kukazia mpira zinatosha. Maji yote yatapita rejeta. Teremka na mzigo wako mpaka Goma, kisha nenda kanunue yenye sahani mbili.