Merikani: maana ya jina na kitambaa chenyewe

Merikani, au amerikani kama wengine wanavyotamka, ni kitambaa cha pamba tupu, kizito kiasi, ambacho hakijapaushwa wala kutiwa rangi. Weupe wake una unjano kidogo, na ukikitazama kwa karibu utaona vijidoa vyeusi vya maganda ya mbegu ya pamba. Kimefumwa kwa namna iliyo rahisi kuliko zote, uzi mmoja juu na mmoja chini. Kikipaushwa si merikani tena, na kikitiwa nili kinakuwa kaniki. Jina limetokana na Marekani, kwa sababu katika karne ya 19 majora yake yalifika Unguja kwenye meli za wafanyabiashara wa Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts.

Hiyo ndiyo maana ya kikamusi. Anayetaka kujua kwa nini kitambaa hicho, na si kingine, kilishika soko la pwani yetu, inabidi aanzie Waltham karibu na Boston.

Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kuanzia 1810 hadi 1812 akitembelea viwanda vya nguo. Sheria ya Kiingereza ilikataza kutoa nje mashine za kufumia na michoro yake, kwa hiyo alirudi na alichokihifadhi kichwani. Akishirikiana na fundi Paul Moody alifaulu mwaka 1814 kuendesha kwa nguvu za mto Charles mashine ya kufumia. Viwanda vya Marekani vilivyotangulia vilisokota uzi tu, kisha uzi ukapelekwa majumbani kufumwa kwa mkono. Waltham ilikuwa tofauti: robota la pamba liliingia mlango mmoja na jora likatokea mwingine, kazi zote zikifanywa chini ya paa moja.

Lowell na wenzake walikataa kushindana na Waingereza kwenye vitambaa laini, na nadhani huo ndio uamuzi uliozaa merikani kuliko mashine yoyote. Walichagua uzi namba 14. Namba hiyo ni hesabu ya vitita vya uzi, kila kimoja yadi 840, vinavyopatikana kwa pauni moja ya pamba. Namba 14 basi ni yadi 11,760, karibu kilomita 10.75 za uzi kwa chini ya nusu kilo. Ni uzi mnene. Hauhitaji pamba ya nyuzi ndefu, haukatiki ovyo, na hata msichana aliyetoka shambani wiki iliyopita anaweza kuusimamia. Kitambaa chao cha kwanza kilikuwa na upana wa inchi 37, nyuzi 44 za mshindio (zile zinazopita kimlalo) kwa kila inchi, na pauni moja ilitoa pungufu kidogo ya yadi 3.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Robota hufunguliwa, pamba ikapigwa ili vumbi na takataka zidondoke. Kisha hupita kwenye mapipa yaliyovishwa meno ya waya, ambayo huchana nyuzi na kuzilaza upande mmoja hadi itoke kamba laini isiyo na nguvu. Kamba kadhaa huunganishwa, huvutwa na rola zinazopishana mwendo, huunganishwa tena na kuvutwa tena. Lengo ni kusawazisha unene, kwa kuwa palipo pembamba kwenye kamba ndipo uzi utakapokatika kesho. Baada ya hapo ndipo husokotwa.

Uzi wa mtande, yaani ule unaotandazwa kwa urefu wa kitambaa, una safari ya ziada. Lazima upakwe uji wa wanga na kukaushwa, maana kwenye mashine unasuguliwa kila mara nyuzi zinapopanda na kushuka kupisha mshindio. Wanga ukipungua, nyuzi huota manyoya na kukatika. Ukizidi, kitambaa hukakamaa kama ubao, kisha kikifuliwa mara moja kinalegea na mnunuzi anajua kaibiwa. Hewa kavu nayo hukausha uzi ukawa mwepesi kukatika, ndiyo sababu madirisha ya vyumba vya kufumia yalifungwa hata wakati wa joto na mvuke ukapulizwa ndani. Mfumaji alivuta unyevu na vumbi la pamba siku nzima. Isitoshe, mashine za wakati ule hazikujua kusimama zenyewe uzi wa mtande ukikatika. Ziliendelea kufuma na kuacha mstari mtupu katika kitambaa, hivyo jicho la mfumaji lilitakiwa kuwa kwenye mashine mbili kwa pamoja, na baadaye tatu au nne.

Mto Charles haukutosha. Lowell alifariki 1817, lakini wenzake walihamia kwenye maporomoko ya Pawtucket ya mto Merrimack, ambako maji huanguka karibu mita 10. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi 1823, na mji ulioota hapo ukapewa jina la Lowell mwaka 1826. Kampuni iliyomiliki mifereji iliuza maji kwa kipimo maalumu: futi za ujazo 25 kwa sekunde, sawa na lita 700 hivi, zikianguka futi 30. Hicho ndicho kiasi kilichokadiriwa kutosha kuzungusha spindeli (vijiti vya kusokotea uzi) 3,584 pamoja na mashine zake zote, kwa mfano wa kiwanda cha pili cha Waltham. Nguvu ilipandishwa orofani kwa gia za chuma, zenye kelele na zenye kuvunjika, hadi Moody alipoziondoa mwaka 1828 akaweka mikanda ya ngozi. Tatizo ambalo mikanda haikulitibu ni mafuriko. Theluji ikiyeyuka, mto wa chini ya kiwanda hupanda, gurudumu linazama kwenye maji yake lenyewe na kupoteza mwendo. Maji yamejaa tele, na kiwanda kimesimama.

Wasichana wa viwandani walifanya kazi takriban saa 73 kwa wiki. Wenye viwanda walipotaka kuwakata mishahara mwaka 1834 waligoma, na 1836 wakagoma tena.

Na pamba? Massachusetts haioti pamba. Mashine ya kuchambua mbegu, aliyopewa hataza Eli Whitney mwaka 1794, iliwezesha kulima kwa faida pamba ya nyuzi fupi, ambayo mbegu yake imeng'ang'ania nyuzi kiasi kwamba kwa mkono mtu alitoa kama pauni moja kwa siku. Aina hiyo hustawi mbali na bahari, kwa hiyo wakulima wakubwa wakaelekea magharibi. Ardhi ilikuwa na wenyewe. Kwa mkataba wa Fort Jackson wa 1814 taifa la Creek lilinyang'anywa takriban ekari milioni 23, nyingi katika eneo linaloitwa leo Alabama. Sheria ya kuwahamisha wenyeji ya 1830 ikafuatia, na Wachoctaw, Wachickasaw na Wacherokee wakasukumwa ng'ambo ya mto Mississippi. Waliolima mashamba hayo mapya ni watumwa, karibu milioni moja wakihamishwa kutoka majimbo ya zamani kabla ya 1860. Upanuzi wa magharibi na kiwanda cha kaskazini havikuwa hadithi mbili. Ni uzi mmoja.

Marobota yaliteremka mtoni kwa meli za mvuke hadi New Orleans au Mobile, yakazunguka kwa bahari hadi Boston. Toka hapo hadi Lowell kulikuwa na mfereji wa Middlesex, kilomita 43, uliofunguliwa 1803 na kuganda kila kipupwe. Reli ya Boston na Lowell ya 1835 ilimaliza shida hiyo ikaleta yake. Wajenzi walilaza vyuma juu ya mawe ya matale wakidhani watapata njia ya kudumu milele. Mawe hayakunesa hata kidogo, injini zikatikiswa na kuchakaa, ikabidi mataruma ya mbao yawekwe badala yake.

Bei inaonyesha matokeo: yadi iliyouzwa senti 30 mwaka 1816 ilifika senti 6½ mwaka 1843. Ushuru wa forodha wa Marekani wa 1816 ulisaidia, kwani kila yadi kutoka nje ilihesabiwa kana kwamba thamani yake si chini ya senti 25, ukafungia nje vitambaa vizito vya India. Ajabu ni kwamba baadaye merikani iliwapokonya Wahindi haohao soko la Afrika Mashariki.

Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, huko Maskati tarehe 21 Septemba 1833, ushuru ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kama konseli wa kwanza. Meli zilishusha majora na kupakia pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Bara, merikani ilikuwa fedha. Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti, na jora lilikuwa kama yadi 30. Msafara ulilipa hongo (ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtawala) na kununua chakula kwa vipimo hivyo. Unguja yenyewe, ilikuwa vazi la watumwa na maskini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba. Bei ya merikani ikapaa, na vitambaa vya Uingereza, kisha vya Bombay (Mumbai ya leo, India), vikajaza pengo. Wanunuzi hawakuona haja ya kubuni jina jipya. Kitambaa kizito kisichopaushwa kiliendelea kuitwa merikani hata kilipofumwa Bombay.