Mshumaa wa Pasaka lazima ufike mazishi ya Januari

Kwaresima ikielekea ukingoni, makatekista wa huku Moshi huuliza yale yale: mkesha wa Pasaka uanze saa ngapi, masomo yapunguzwe mangapi, mvua ya masika ikishuka moto uwashwe wapi. Majibu yote nayaona kwenye mshumaa wa Pasaka, ule mkubwa unaowashwa kwa moto wa mkesha na kuingizwa kanisani gizani.

Uwe wa nta, mmoja, mpya kila mwaka. Ule mrija wa plastiki wenye mafuta ndani haufai. Padre huchora msalaba, Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka huu katika pembe za msalaba, kisha huchomeka punje tano za ubani kwa ajili ya madonda matano ya Kristo. Punje hudondoka, na nta ikilazimishwa hupasuka, kwa hiyo matundu yatobolewe mchana kwa msumari uliopashwa moto. Tarakimu zisibandikwe za mwaka jana zilizokwanguliwa! Tarakimu za mwaka huu zinasema kwamba aliyefufuka ni Bwana wa mwaka huu pia, pamoja na madeni yake na misiba yake.

Saa? Kanuni inataka usiku uwe umeingia, na ibada iishe kabla ya mapambazuko. Mwezi Aprili jua la Moshi huzama kama saa kumi na mbili na nusu, hivyo saa moja na nusu ni salama. Najua hofu ya kukosa daladala, lakini ukianza saa kumi na mbili unaingiza mwanga kanisani huku madirisha bado meupe, na mtoto haoni kilichobadilika. Kanisa lenyewe liliwahi kuufanya mkesha Jumamosi asubuhi, hadi Papa Pius XII alipouruhusu tena usiku mwaka 1951. Kuni zifunikwe tangu Ijumaa Kuu. Mkaa peke yake hautoshi, maana moto huo unatakiwa kufukuza giza kwelikweli.

Masomo ya Agano la Kale ni saba, na kwa sababu nzito yanaweza kupungua hadi matatu, ila lile la Kutoka 14, Waisraeli wakivuka bahari, haliachwi kamwe. Wanaobatizwa usiku ule wanavuka bahari ile.

Sasa ufufuko wenyewe. Wengi wanauelewa kama wa Lazaro, mtu aliyetoka kaburini na siku nyingine akarudi humo. Paulo anasema Kristo hafi tena (Rum 6:9), na anamwita malimbuko, yaani mavuno ya kwanza, yao waliolala (1 Kor 15:20). Kwa hili mkulima hahitaji kamusi. Ukichuma hindi la kwanza shambani hukulipata kutoka shamba jingine. Ni shamba lile lile linaloanza kuiva, na mengine yako njiani. Ndivyo Pasaka inavyowagusa waliozikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, kaburi likiwa na mimea ya masale pembeni. Hatusemi tu kwamba roho zao zimekwenda mahali pazuri. Tunasema mwili ule uliolima, ukazaa, ukaumwa, una ahadi. Mahubiri ya mazishi yanayoishia kwenye roho peke yake yameiacha Pasaka nusu.

Kwa sababu hiyo, Pentekoste ikipita, siku hamsini zikiisha, mshumaa hauendi stoo. Unakaa penye kisima cha ubatizo, na kwenye misa ya mazishi unasimama karibu na jeneza, kwa kuwa marehemu alipobatizwa mshumaa wake mdogo uliwashwa kutoka kwenye mwali kama huo. Hapa ndipo parokia nyingi zinapokwama: umewashwa kila misa mfululizo, umebaki kisiki, basi linaletwa tochi la umeme au mshumaa wowote wa dukani. Pimeni mapema. Nunueni mnene, kateni utambi kabla ya kuuwasha, uzimeni mara misa inapokwisha, na baada ya Pentekoste uwashwe kwa ubatizo na mazishi tu.