Longquan, mji wa milimani zilikotoka bakuli za kijani za pwani yetu

Ukishughulika na vigae vya magofu ya pwani, jina la Longquan hulikwepi. Gedi, Shanga, Kilwa Kisiwani, kote huko ardhi inatoa vipande vya kauri nzito ya kijani, na vingi kati yake vilichomwa katika milima ya kusini-magharibi mwa jimbo la Zhejiang, China. Wanaoniuliza kuhusu safari ya China huwa wanaiwaza Beijing, Shanghai, au Guangzhou ya wafanyabiashara. Huwa nawasihi watenge siku chache kwa ajili ya Longquan, na wakishafika wasikae sana mjini.

Kufika siku hizi si kazi. Reli ya Quzhou hadi Ningde ilifunguliwa mwaka 2020 na ina kituo Longquan. Si treni ya kasi kubwa, inakwenda kilomita 160 kwa saa, lakini dirishani ni mabonde, mianzi na handaki baada ya handaki. Mji wenyewe ni wa kawaida, umekaa kando ya mto, na maduka yake yanakuonyesha mara moja watu wanaishi kwa nini: kauri ya kijani, yaani seladoni, na panga. Ufuaji wa panga una heshima kubwa hapa na simulizi zake zinarudi hadi kwa mfua chuma wa kale Ou Yezi. Ukinunua upanga mwambie muuzaji autume kwa kifurushi, maana hutapita nao kituo cha treni.

Anzia makumbusho ya seladoni, kwa sababu moja: kuzoeza jicho. Usiishie kwenye rangi. Tazama kitako. Pale utando wa kioo unaofunika kauri unapokoma, udongo wa bakuli la Longquan mara nyingi umekuwa mwekundu wa matofali, kwa kuwa una madini ya chuma ambayo yalikutana tena na hewa wakati tanuru linapoa. Tazama pia ubavu wa nje wa bakuli za enzi ya Song ya Kusini (karne ya 12 na 13), zilizochongwa petali za yungiyungi. Ukiwa na alama hizo mbili kichwani, siku utakaposimama mbele ya kabati la vigae nyumbani utajua unaangalia nini.

Kisha toka mjini, uende Dayao. Ni kijiji kilichoko bondeni, kusini-magharibi mwa mji, na hapo ndipo kilipokuwa kitovu cha matanuru yote. Serikali ya China inapalinda kama urithi wa taifa tangu mwaka 1988. Kwenye miteremko, vigae vimelala hata njiani. Usiokote hata kimoja. Ni kosa kisheria, na kigae kikishatolewa mahali pake kinapoteza nusu ya habari zake.

Ukiinama utaona vingi ni vibovu: bakuli lililopinda, sahani iliyogandamana na kasha la udongo lililokuwa likiikinga motoni, utando uliotoka manjano badala ya kijani. Sababu ni namna ya uchomaji. Tanuru la hapa ni handaki refu lililojengwa kufuata mteremko wa kilima. Moto unawashwa chini, unapanda, na kuni zinaongezwa kwa vitundu vya ubavuni hadi joto linapita nyuzi 1,200. Ikifika saa yake, hewa inabanwa. Moto uliokosa oksijeni unainyang'anya kutoka kwenye utando wenyewe, na chuma kidogo kilichomo kinatoa kijani cha maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Hewa ikipenya, kazi ya wiki nyingi inakuwa ya kahawia na kutupwa. Kwa hiyo Dayao unaona vilivyokataliwa. Vilivyofuzu ndivyo vilivyopakiwa majahazini, na baadhi vikaishia Kilwa na Gedi. Kwangu mimi hakuna jumba la makumbusho linaloeleza hilo vizuri kuliko mteremko ule.

Kama unataka kuona tanuru lenye moto, nenda kijiji cha Xitou, tarafa ya Baoxi, ambako matanuru ya zamani ya kuni bado yanachoma. Uliza hotelini mapema, kwa kuwa hayawashwi kila siku. Ufundi huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2009, lakini ulikuwa umedhoofika sana kabla Waziri Mkuu Zhou Enlai hajaagiza ufufuliwe mwaka 1957. Hapo hapo kijijini kuna majengo ya mianzi yaliyobuniwa na wasanifu wa nchi mbalimbali kwa maonyesho ya mwaka 2016. Shangyang, penye kiwanda cha zamani cha serikali, panafaa kwa nusu siku. Anayependa milima apande Huangmaojian, kilele cha juu kuliko vyote Zhejiang, mita 1,929, ila abebe sweta na asitegemee kuona mbali, kwani ukungu ni mwingi.

Kuhusu chakula, uyoga na machipukizi ya mianzi ni vitamu mno, lakini mafuta ya nguruwe yanaingia hata kwenye mboga. Mwislamu atafute mkahawa wa tambi wenye kibao cha 清真, ambacho ni alama ya halali. Malipo karibu yote ni kwa simu, basi unganisha kadi yako ya benki na Alipay kabla hujaondoka nyumbani.

Wakati wa kuondoka, usirudi ulikotoka. Shuka kupitia Lishui hadi Wenzhou, ukifuata Mto Ou, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyopita mizigo ya kauri kwenda baharini. Wenzhou, mahali paitwapo Shuomen, wachimbuzi wamefukua bandari ya kale: gati, mabaki ya meli, na vigae kwa tani, vingi vyake vya Longquan. Ni bidhaa zilezile za Dayao, zikiwa zimebakiza safari ya bahari tu.